Mwiko Uliozaliwa Hosteli

Ukimwuliza Bi Saumu mpwa wake anafundisha nini chuo kikuu, atakujibu, "Anafundisha miti." Si kweli. Dakta Kibwana Shekiango hawezi kutofautisha mkulo na mringaringa hata ukimshikia jani mbele ya miwani. Yeye anafundisha nadharia ya siasa za mazingira, yaani nani ana haki ya kuuamulia mti: serikali, mwanakijiji, mzungu mwenye mradi, au mti wenyewe. Ni somo zuri. Mtu anaweza kulifundisha mpaka akastaafu na kiatu chake kisiguse tope.

Sifa yake yote ilitokana na kichaka kimoja tu, ekari tatu hivi, kwenye kitongoji cha Kwemkulo, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Magamba. Mikulo ya humo ni minene, mmoja watu watatu hawaukumbatii wakaumaliza. Chini ya kichaka, kwenye mteremko, pana matuta manne ya Bi Saumu: karoti, kabichi, viazi, na maharage ya kulia nyumbani.

Mwaka 2009 Kibwana alipanda huko na dodoso la kurasa kumi na moja, akamkuta shangazi anafunga karoti mafungu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Makaratasi yote hayo ya nini? Unaandikisha wapiga kura?"

"Utafiti. Nataka kujua kwa nini hiki kichaka hakijakatwa, na kote huku watu wamefyeka mpaka mlima umebaki kipara."

Bi Saumu alicheka hadi fungu likamfumuka mkononi. "Chuki, mwanangu. Chuki tupu! Babu zako wawili, baba mmoja mama mmoja, waligombea ule mkulo mkubwa pale. Kila mmoja akaapa kwamba mwenzake akigusa hata tawi atampeleka barazani. Basi huyu akamvizia yule, yule akamvizia huyu, mpaka wamekwenda kaburini na miti imebaki. Na sisi watoto wao bado tunaviziana. Andika hivyo hivyo."

Akaandika hivyo hivyo. Daftari analo mpaka leo, na hilo ndilo linalomchoma: hawezi kusema hakuambiwa.

Msimamizi wake, mzungu mmoja mpole aliyevaa kandambili hata kwenye mahafali, alisoma akasikitika. "Chuki si nadharia," alisema. "Watu wa milimani wana hekima ya kale. Rudi ukaangalie vizuri. Lazima kuna mwiko."

Kurudi kulitaka nauli, na mvua ilikuwa inanyesha. Kibwana alibaki hosteli, akaagiza chipsi mayai, na kabla hajafika kwenye kachumbari mwiko ulikuwa umeshazaliwa, mzima, una kucha na nywele: *Mwanamke haingii humo na chombo chenye makali; asiyesikia, mvua itamkimbia.* Chini yake akaandika: mtoa habari S., mwanamke, miaka hamsini.

Msimamizi alikaribia kulia kwa furaha. Mwiko ukazaa tasnifu, tasnifu ikazaa kitabu, na kitabu kikazaa safari za nchi ambako watu walimsikiliza wakiwa wamefumba macho. Alieleza jinsi Washambaa walivyoupa msitu uraia, miti ikawa na bunge lake, binadamu akawa mwananchi mwenzao tu. Walipiga makofi. Yeye aliinamisha kichwa, na wenyeji wake wakadhani ni unyenyekevu wa Kiafrika.

Haukuwa unyenyekevu. Uongo ule ulikuwa kama mwiba wa samaki kooni: unameza tonge kavu la ugali, unashuka kidogo, unadhani umepona. Kila mwaliko kwake ulikuwa tonge. Lakini ukurasa wa arobaini na saba wa kitabu chake mwenyewe, wenye ule mwiko, hakuwahi kuusoma mbele ya darasa. Akiufikia, alitangaza mapumziko ya chai.

Mwaka jana mwenyekiti wa kijiji, Athumani, alimwandikia kwenye simu: *Profesa wetu, mradi wa misitu umekuja na kitabu chako. Njoo uwe mgeni rasmi.*

Kibwana alifika Kwemkulo siku ya mkutano mkuu wa kijiji, akapokelewa na Angel, mratibu wa mradi, binti wa Tanga mjini mwenye koti la baridi na moyo safi kabisa. Mkononi alikuwa na kile kitabu, kimejaa vikaratasi vya njano.

"Dokta, ukurasa wa arobaini na saba umenibadilisha maisha," alisema.

"Pole," alijibu Kibwana. Angel akadhani ni utani.

Ramani ilitandikwa kwenye ubao wa shule ya msingi. Kichaka kilipakwa kijani. Kukizunguka, ukanda wa hatua thelathini ulipakwa rangi ya chungwa, usilimwe tena milele, ili kuuheshimu mwiko. Kibwana alitazama chungwa mara moja tu. Matuta manne ya shangazi yake yalikuwa ndani yote. Sheria ndogo ilikuwa tayari: mwanamke akionekana humo na panga, panga linataifishwa. Wanakijiji walingojewa wanyooshe mikono tu.

Bi Saumu alikuwa amekaa mstari wa mbele, na kilemba chake cha sikukuu. Hakuonekana mwenye wasiwasi. Mpwa wake si yupo? Mwenye kitabu si ndiye huyu? Atasimama aseme, mambo yaishe.

Kibwana alisimama. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema, nayo ilikuwa fupi: ule mwiko niliutunga mimi. Akafungua kinywa. Akaona simu ya Angel inamrekodi. Akakumbuka kamati ya kupandisha vyeo inakutana Juni.

"Ndugu zangu," alisema, "suala hili lina pande nyingi."

Akazungumzia hizo pande kwa dakika arobaini, akaketi. Makofi.

Mzee mmoja akainuka kutoa ushahidi kwamba mwiko huo aliufundishwa na bibi yake tangu mdogo. Akautamka. Kibwana alisikia sentensi yake neno kwa neno, na mzee alipumua pale pale penye nukta mkato.

"Kuna anayepinga?" Athumani aliuliza. Kisha kwa tabasamu, "Maana mwenye maneno mwenyewe tunaye. Bi Saumu, kitabuni wameandika S. Si wewe huyo? Ni kweli ulimwambia Profesa hivi?"

Bi Saumu alimgeukia mpwa wake, akamtazama kwa muda mrefu. Kibwana alikuwa anasoma maandishi kwenye chupa ya maji, mpaka tarehe ya kuisha muda.

"Huyu ni mtoto wetu," Bi Saumu alisema taratibu. "Amesoma mpaka kope zimemwisha. Kama ameandika kwamba nilisema, basi nilisema."

Mikono ikanyooshwa.

Alasiri hiyo hiyo walikuwa wawili shambani, wanang'oa karoti kabla nguzo za mpaka hazijachimbiwa. Karoti zilikuwa hazijakomaa, nyingine nyembamba kama kidole cha mwisho. Kibwana alikuwa amekunja suruali ya suti.

"Shangazi, nitakwenda kwa mwenyekiti. Nitamwambia ukweli."

"Mwambie. Nami niitwe mwongo mbele ya kijiji, baada ya kusema nilichosema?" Alitupa karoti kapuni. "Miaka kumi na minne ulikuwa wapi, baba? Ulikuwa unangoja niape kwanza?"

Alikwenda, hata hivyo. Athumani alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa, akamsukumia karatasi na kalamu. "Andika, Profesa. Weka sahihi. Jumamosi naitisha mkutano, ramani tunaifuta, na shangazi yako nitamtetea mwenyewe."

Kibwana alishika kalamu. Ilikuwa inaandika vizuri, aliijaribu pembeni.

"Nitakutumia kwa barua pepe," alisema. "Niipange vizuri."

Akaipanga. Rasimu ya kwanza ilikuwa nusu ukurasa. Ya tatu ilikuwa na utangulizi. Ya saba ilianza kurejelea wanafalsafa. Kufikia Machi ile barua ilikuwa makala ya kurasa thelathini na mbili, kwa Kiingereza, kuhusu hatia ya mtafiti na uongo kama chombo cha utawala wa misitu. Jarida moja la ng'ambo liliipokea kwa shangwe. Mhakiki alisifu ujasiri wa mwandishi. Kwa Athumani haikufika. Juni kamati ilikutana, na Kibwana akawa profesa mshiriki.

Bi Saumu alipata habari, akampigia.

"Hongera, mwanangu. Naambiwa umeandika kingine kikubwa. Safari hii umeandika nini?"

"Nimeandika ukweli, shangazi. Wote. Na wewe nimekutaja."

"Alhamdulillahi. Umemwandikia nani?"

Alimwambia mtandao unasumbua, hamsikii vizuri. Mtandao haukuwa unasumbua. Alimsikia hata akihema, akiwa anangoja.