Kuliko Marehemu

Mwalimu wetu wa Kiingereza hapa Al-Suwaidi, mtaa wa Waarabu tunakotumikia majumbani, ni mama wa Kizanzibari mwenye vidole virefu, ambavyo huvinyoosha mezani anapotufundisha kulinganisha: hiki kirefu, hiki kirefu zaidi, hiki kirefu kuliko vyote. Sauti yake haipandi. Mimi sipendi watu walinganishwe, kwa kuwa dharau huanzia hapo, lakini yeye hatulinganishi sisi kwa sisi. Hutulinganisha na binti yake marehemu. "Monicah, wasoma taratibu kuliko yeye," husema, kisha hukigeukia kiti kitupu cha binti huyo na kusubiri, hadi atikise kichwa kama aliyejibiwa.

Ijumaa iliyopita alikuja mgeni, Truphena, akachelewa na kukikalia kiti kile. "Huyo amejikalia pabaya," Monicah alininong'oneza. Truphena hakusikia; alimgeukia mwalimu. "Nisaidie, mwalimu. Madam ameapa nisipofundisha watoto wake Kiingereza, halas, basi, ananirudisha ofisini kwa wakala." Mwalimu hakukasirika. "Jilinganishe na yeyote humu, mwanangu." Truphena alijibu kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja, kwamba huyu dada aliyesimama nyuma yake ni mrefu kumliko, na mkono wake uliomshika begani ni baridi kuliko maji ya friji. Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu. "Umefaulu," alisema mwalimu. "Madam hatakurudisha." Akavua shali yake, akalifunika bega moja tu la Truphena, polepole, kama mtu anayefunika mkono wa mtoto aliyelala.