Mukai Anafundishwa Kula Kichina

Kwa wiki mbili Kilonzo hakuwa na hadithi nyingine nyumbani ila ile ya hoteli ya Wachina. Ilikuwa imefunguliwa Kariobangi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabati na misumari, na Munyao, karani mwenzake wa zamani kule kanjo, yaani baraza la jiji, alikuwa ameshakula hapo mara mbili na kurudi na maneno. Munyao akienda mahali, Kilonzo hatulii mpaka naye aende. Ndivyo walivyokuwa tangu wagawane meza moja ofisini, na kustaafu hakukuwaponya.

"Mama Mutheu," alimwambia mkewe Jumamosi asubuhi, "leo usipike. Leo nakupeleka ukaone dunia."

Mukai alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, thelathini na minne kati ya hiyo akiwa mke wa Kilonzo, na alishajua kwamba mumewe akisema "nakupeleka ukaone" maana yake ni kwamba atafundishwa kitu kutwa nzima.

Masomo yalianzia pale mtaani kwao Mowlem, hata hawajafika barabarani. Wachina hawali ugali, Kilonzo alieleza, kwa hiyo asiulize ugali akawaaibisha. Wachina hula kwa vijiti viwili. Wachina hunywa supu kwa kuivuta na sauti, na kwao hiyo si kukosa adabu, kwa hiyo asishtuke.

"Baba Mutheu, mimi nilikaa na Wachina," alisema Mukai.

"Hao walikuwa Wachina wa barabara. Hawa ni wa hoteli."

Mukai aliongeza mwendo. Kuna maneno ambayo mtu akiyajibu anajichosha bure.

Miaka kumi na moja iliyopita mama yake Mukai alipatwa na kiharusi, naye akaenda kumwuguza kijijini kwao karibu na Emali. Kilonzo alibaki Nairobi na kazi yake. Mutheu, binti yao, alikuwa chuoni. Wajenzi wa barabara walikuwa wamepiga kambi mwendo wa nusu saa kutoka kwa mama, na Mukai akaomba kibarua cha kuosha sufuria. Akaosha miezi mitatu. Kisha msaidizi wa mpishi akaacha kazi bila kuaga, na mpishi mkuu, mzee mmoja mwembamba aliyeitwa Liu, akamtazama Mukai, akamtazama kuku aliyekuwa mezani, akampa kisu. Hakuwa na Kiswahili zaidi ya "haraka" na "chumvi". Alifundisha kwa kidole na kwa makelele. Mukai alipokata vitunguu vinene, Liu alivimwaga vyote kwenye ndoo ya taka akaonyesha tena. Alipopunguza moto kwa kuogopa mafuta, Liu alipiga karai kwa mwiko akifoka, "Huo! Huo!" mpaka Mukai akajua kwamba "huo" kwa Kichina ni moto, na kwamba chakula cha watu hawa kinataka moto mkali na mkono usiolala. Kwa miaka mitatu alilisha watu themanini, asubuhi, mchana na jioni.

Kilonzo alijua kwamba mkewe "alikuwa na kazi ya jikoni kwa Wachina". Zaidi ya hapo hakuwahi kuuliza. Mukai alipokuja Nairobi sikukuu na kuanza kusimulia, Kilonzo alimkatiza ili amweleze mambo ya kanjo.

Hoteli yenyewe ilikuwa safi. Taa nyekundu za karatasi zilining'inia darini, na ukutani palikuwa na picha ya joka. Mchina hakuonekana hata mmoja. Msichana aliyewapokea, mwenye beji ya jina Lorraine, aliwakalisha dirishani.

"Karibuni, mzee. Mathe, sasa? Menyu ndiyo hii, lakini hizi za kurasa za nyuma hatuna. Mpishi wetu Mchina alienda kwao mwezi uliopita, hajarudi."

"Nani anapika sasa?" Mukai aliuliza.

"Ni Khavere. Alikuwa akikaanga chipsi hapo chini. Anajaribu."

"Hayo si maswali ya kumwuliza mhudumu," Kilonzo alisema, na miwani ikapanda puani. Alisoma menyu yote, kwa sauti, kama anayesoma kumbukumbu za mkutano. Alipofika kwenye nyama aliinama mbele. "Binti, niambie ukweli. Hii nyama ni nyama gani? Maana tunasikia mambo ya mbwa."

Lorraine aliangalia kando. Ilionekana si mara ya kwanza kuulizwa.

"Baba Mutheu!" Mukai alisema. "Miaka mitatu nilikuwa kambini na sikuona mbwa chunguni hata siku moja. Ni ng'ombe, tena wa hapo soko la nyama la Burma. Mwache mtoto wa watu afanye kazi."

"Nauliza tu. Kuuliza si ujinga."

Aliagiza yeye, kwa niaba ya wote wawili: tambi za kuku, nyama ya ng'ombe na pilipili hoho, na wali. Mukai alikuwa ameona samaki wa tangawizi kwenye ukurasa wa pili na angependa huyo. Hakuna aliyemwuliza.

Chakula kilichelewa. Kilonzo aliutumia muda huo kufundisha vijiti. Kimoja hukaa hapa, hakisogei. Cha pili hushikwa kama kalamu. Cha kwanza kilimtoka kikaanguka chini ya meza ya jirani, Lorraine akaleta vingine. Mukai alivishika vyake bila kuvitazama na kuokota kwavyo karanga iliyokuwa kwenye kisahani, moja, kisha nyingine, akitafuna taratibu huku akiangalia nje, ambako mafundi wa jua kali walikuwa wakigonga masanduku ya bati. Mumewe hakuona. Alikuwa akiangalia vidole vyake mwenyewe.

"Usikate tamaa," alimwambia. "Munyao naye alihangaika mwanzoni."

Mukai akaokota karanga nyingine.

Chakula kilipokuja, alijua kabla hajaonja. Tambi zilikuwa zimelala kwenye maji meusi ya sosi, zimeshikana kama nywele zisizochanwa. Kabeji ilikuwa imeiva mpaka ikakata tamaa. Nyama ilikuwa imechemshwa, kisha ikakaangwa, kisha labda ikachemshwa tena. Alitia tambi kidogo mdomoni. Chumvi tupu.

Kilonzo alikuwa amerudi kwenye uma. "Hii ndiyo ladha yao," alisema kwa sauti ya mtu aliyesafiri. "Ulimi wako haujazoea. Ukila mara mbili tatu utaipenda."

"Hii si ladha yao."

"Mama Mutheu."

"Hii ni kabeji ya matanga iliyomwagiwa sosi. Liu angeitupa yote pamoja na sahani."

"Liu ni nani?"

Alimtazama. Miaka mitatu ya kazi, na nyingine minane tangu amalize. Jina hilo alikuwa amelitaja mezani kwao mara ngapi?

"Kula tu," mumewe alisema, akiangalia meza za jirani. "Usituletee aibu. Huu ni utamaduni wa watu."

Mukai aliweka vijiti chini vizuri, kimoja kando ya kingine. Akainuka. Kilonzo alidhani anaenda kunawa mikono, na akamwelekeza choo kiko wapi, ingawa naye hakujua. Mukai alisukuma mlango wa jikoni akaingia.

Khavere alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kilemba kimelowa jasho, amesimama mbele ya majiko matatu ya gesi na kitabu cha mapishi kilichoandikwa Kichina chote. Alipomwona mteja alijua ni malalamiko.

"Mathe, samahani, najua. Wote wanasema. Mimi nilionyeshwa siku nne tu, halafu jamaa akapanda ndege."

Mukai alikuwa ameingia na hasira, na alikuwa na maneno yake tayari. Alipoona kile kitabu yalimwishia.

"Una nyanya?"

"Nyanya ziko."

"Mayai? Kitunguu cha majani? Kitunguu saumu?"

Vyote vilikuwepo. Mukai alivua saa akaitia kwenye mkoba, akajifunga leso iliyokuwa msumarini.

"Karai lipate moto mpaka litoe moshi. Usiliogope. Mayai kwanza, yatoe yakiwa bado laini. Sasa nyanya. Sukari kidogo, ndiyo, sukari, usinishangae. Sosi kijiko kimoja, si kikombe. Mayai rudisha. Toa."

Dakika nne. Khavere alichovya kijiko, akaonja, akaketi juu ya kreti la soda.

"Sasa tambi," alisema Mukai. "Hizi umezichemsha muda gani?"

"Dakika ishirini."

"Mungu wangu. Weka maji mengine."

Lorraine ndiye aliyepeleka sahani mezani. Kilonzo, aliyekuwa amekwisha kumtuma mara mbili akamwulizie mkewe kule chooni, alikula mayai na nyanya kwanza kwa mashaka, kisha bila mashaka, kisha akavuta sahani karibu. Meza ya jirani wakauliza hicho ni nini, nao wakataka. Meneja, kijana mpole aliyeitwa Walter Owiti, alitoka ofisini, akaonja kwa uma, akaingia jikoni, akatoka na Mukai mpaka mezani.

"Mama, umejifunzia wapi?"

"Mke wangu," Kilonzo alidakia, akijifuta mdomo, "aliwahi kuwa karibu na Wachina kwa muda. Mimi mwenyewe ndiye nilimwambia leo tuje. Kama ni mambo ya kazi, kwanza ajue umri wake, halafu kuna mambo ya nyumbani, kwa hiyo tuzungumze mimi na wewe..."

"Baba Mutheu, nyamaza."

Hakupaza sauti. Lakini katika miaka thelathini na minne hakuwa amewahi kulitumia neno hilo mbele za watu, na Kilonzo akaweka uma chini.

"Anayeulizwa ni mimi," Mukai aliendelea. "Nilipika miaka mitatu kambini Emali, watu themanini. Kila siku siwezi, magoti hayataki. Jumanne na Jumamosi naweza, nimfundishe huyu Khavere mpaka ajue. Na hicho kitabu mkitoe hapo jikoni, kinamtisha bure."

Walikubaliana hapo hapo. Kurudi nyumbani Kilonzo alitembea hatua mbili mbele, kimya, na kimya chake Mukai alikifurahia mpaka walipofika Mowlem.

Kununa kwake kulidumu siku mbili. Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada, Mukai alimsikia akiwaeleza Munyao na wazee wengine kwamba siri ya chakula cha Wachina ni moto mkali, na kwamba sukari kwenye nyanya isiwashangaze. Munyao aliuliza kama ni yeye anayepika. "Tunapika," alijibu Kilonzo.

Mukai alitaka kwenda kumsahihisha. Akaona wingi wa wazee, na uchovu wa shughuli yenyewe, akaenda zake kumsalimia mke wa mchungaji.

Lakini jioni moja ya Jumanne, Mukai akiwa amerudi kutoka Kariobangi na kuketi kukanda magoti, Kilonzo alizima redio.

"Huko kambini," alisema, "mlikuwa mnaamka saa ngapi?"

Lilikuwa limechelewa miaka kumi na moja swali hilo, na Mukai alifikiri kumwambia hivyo. Badala yake akamjibu: saa tisa na nusu usiku, kwa sababu uji wa mchele huchukua muda. Akaanza kumweleza ule uji, ulivyokuwa mwepesi, ulivyoliwa na mboga za chumvi. Alikuwa hajamaliza sentensi ya tatu Kilonzo alipoinua kidole kumweleza kwamba mchele, kwa kweli, asili yake ni Mwea, hapa hapa Kenya.