Siku Nilipomrudisha Mume kwa Mama Yake

Siku ninayoikumbuka kuliko hata ya harusi yangu, mwanangu, ni ile niliyomrudisha mume kwa mama yake. Hujakosea kusoma. Wenzangu wakikasirika walirudi kwao. Mimi nilimrudisha yeye.

Masanja alikuwa anachimba kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, upande wa Bulyanhulu, nami nikiishi Kagongwa. Aliahidi kunipigia simu asubuhi kabla ya kurudi. Asubuhi ikapita. Nikapiga mimi, akapokea mwanamke: "Yuko chini, piga baadaye."

Kila mtu wa huku anajua mchimbaji haingii shimoni na simu, anamwachia mama ntilie anayewapikia. Hata mimi nilijua. Lakini nikishahisi naachwa, yote niliyoyajua yalinitoka. Kifua kiliwaka, na mtu niliyempenda jana akawa adui. Nikafunga nguo zake zote kwenye shuka, nikampa kondakta wa basi la Kishapu, kwao Masanja. "Mpe mama yake Masanja," nikasema, basi, bila salamu wala maelezo.

Alasiri Masanja akarudi, vumbi mpaka kwenye kope, mkononi sato wawili. Nikaibamiza simu yake ukutani, nikamwambia atoke. Alipogeukia mlango, nikamshika miguu asiniache. Maskini, hakujua nataka nini. Wala mimi sikujua. Alipooga hakuwa na cha kuvaa, nikampa khanga zangu.

Kesho yake mama mkwe akashuka kwenye basi, kifurushi kichwani, macho yamevimba. Nikapiga goti, nikamwita mama kwa Kisukuma. "Shikamoo, mayu."

Badala ya marahaba akauliza, "Mmemzika wapi?"

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Nguo za mchimbaji zikifika kwao bila mwenyewe, wazazi huku wanaelewa jambo moja tu. Kishapu walikwishatandika mikeka ya msiba.

Masanja akatokea chumbani na khanga zangu za maua. Mama akamkodolea macho, akavua ndala, akamtandika nayo mgongoni, kisha akamkumbatia huku analia na kucheka. Nikamweleza yote, nikakaa pembeni nikisubiri ambebe mwanawe, safari hii kweli. Badala yake akanivuta karibu.

"Unaumwa, binti yangu," akasema. "Lakini hasira yako imeniliza tangu jana kwa mtu aliye hai. Siku nyingine, ngoja kwanza umwone uso."

Yeye mwenyewe ndiye aliyenisindikiza hospitali. Mshauri wa pale akanieleza kwamba hali yangu ina jina na ina matibabu: hofu kali ya kuachwa, hasira inayolipuka, leo unampenda mtu, kesho humtaki machoni. Akasema maumivu yangu yalikuwa ya kweli, ila kuachwa kwenyewe hakukuwepo. Nilihudhuria kwa miaka, nikijifunza polepole, na siku nyingine nikiharibu tena. Wiki iliyopita tu nilinuna kwa sababu ya chumvi.

Kwa hiyo nisikilize. Kifua kikianza kuwaka, usitume ujumbe, usimfungie mtu namba, usifunge kifurushi. Nawa uso kwa maji baridi, au shika mchi utwange mpaka mikono ichoke. Kisha mwambie unayempenda, "Naogopa umeniacha," badala ya "Toka." Ukiharibu, omba radhi bila kujitukana, maana wewe si mtu mbaya. Na kama inajirudia kila mara, nenda hospitali, usione haya. Nawe unayeishi na mtu kama mimi, usimdanganye na usikubali kupigwa, ila muage vizuri na mwambie saa ya kurudi. Masanja mpaka leo, mvi kichwa kizima, ananiaga hata akienda chooni: "Mama Kulwa, natoka, narudi." Namcheka, lakini siku asiposema nasikia kifua kikianza kuwaka.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe moyo unaoweza kusubiri, akupe na mkwe kama wangu, na nguo za unaowapenda ziendelee kukauka kwenye kamba yako.