Pombe Aliyoikataa Ambrose

Ndugu za mume walikuja kijijini Kituntu asubuhi na pombe yao, wakamsalimia Adelgunda kwa sauti za msibani. Msiba gani? Mumewe Ambrose alikuwa chumbani anapumua, ameogeshwa, amenyolewa ndevu. Kiharusi kilimwangusha wakati wa palizi, kikamnyang'anya mdomo na upande wa kulia. Tangu hapo mdogo wake, Rogasian, akawa anamtaja kama marehemu. Kaka alipenda hiki, kaka alikuwa hivi. Adelgunda aliyasikia yote, akayaweka kiporo.

Leo Rogasian ameleta wazee wa ukoo wamkabidhi kibanja, shamba la nyumbani la kaka yake. Migomba ile na mibuni yake Adelgunda ameilima tangu aolewe, lakini hakuzaa mtoto wa kiume, na ukoo haujawahi kumsamehe.

"Shemeji, mwili upo," Rogasian akasema. "Mwenyewe ndiye hayupo. Taa imezimika, wewe unafuta kioo."

"Umemwuliza?"

"Nimwulize nani?"

Wazee wakatazama chini. Waoga.

Jana yake jioni Adelgunda alikuwa amegombana na mjukuu wake, Joanitha, anayesomea udaktari Mwanza, aliyekuja kumwona babu yake. Alimwuliza jambo moja tu: babu yako yumo au hayumo? Mtoto akaanza habari za senene, wale panzi wa msimu.

"Akili haina kiti chake kichwani, Bibi. Ni vitu vidogo vingi mno, kimoja kimoja hakijui lolote, ila vinashtuana. Kama senene wakiingia Novemba. Hakuna senene mkubwa anayetoa amri. Kila mmoja anamfuata jirani yake, na wingu zima linageuka."

"Senene tunawala. Mimi nakuuliza mume wangu."

"Ndiyo huyo, Bibi. Kiharusi ni upepo uliopiga wingu. Linaweza kutawanyika, linaweza kujikusanya upya. Hakuna anayejua mapema, maana kitu kidogo sana kinaweza kuligeuza huku au kule."

"Sasa mtu anajuaje?"

"Hospitali za nje wanaugusa ubongo kidogo kwa chombo, kama unavyogonga mtungi, halafu wanasikiliza. Kwa aliyezimika, mshtuko unafia palepale, au kichwa kizima kinaitikia neno lilelile moja. Kwa aliyemo, unasambaa. Hapa unaamsha hili, pale lile. Ni fujo, lakini fujo inayosikilizana. Fahamu ndiyo hiyo."

"Na chombo hicho kipo hospitali ya Kayanga?"

"Hakipo."

"Basi umenisumbua bure. Koleza moto."

Sasa, mbele ya wazee, Rogasian akamimina rubisi, ile pombe ya ndizi waliyoileta. Nyumba ile ina sharti lake, na hata watoto wa jirani wanalijua: pombe hainywewi kabla Ambrose hajaonja. Hakuna aliyekamua ndizi kumshinda Ambrose, na pombe mbaya aliimwaga kwenye shina la mgomba huku aliyeileta anatazama. Rogasian akaonja mwenyewe, kibuyu akampa mzee Kashaija, na Kashaija akanywa.

Hapo Adelgunda akasimama. Alimwendea Kashaija, mkubwa wa ukoo, akakitoa kibuyu mikononi mwake.

"Mwenye nyumba hajaonja."

Rogasian akacheka. "Ataonja kwa mdomo gani?"

"Kwa huohuo unaotaka kuuzika. Njoni mtazame."

Wakasongamana mlangoni. Joanitha akamwinua babu yake kichwa. "Matone tu, Bibi, asipaliwe."

Adelgunda alianza na maji, kijiko kimoja. Ambrose akameza. Uso wake haukusema kitu.

"Hata kichanga humeza," akasema Rogasian.

 Adelgunda akachovya kijiko kwenye kibuyu, akampa rubisi.

Kwanza ilikunjamana pua. Kisha pombe ikatoka pembeni mwa mdomo, ikisukumwa na ulimi. Mkono wa kushoto, uliokuwa umelala kama wa mtu mwingine, ukanyanyuka unatetemeka, ukasukuma kijiko kando. Halafu macho yakaanza kutembea polepole. Yakampita Adelgunda, yakampita Kashaija, yakafika kwa Rogasian na kubaki hapo.

"Mshtuko umesambaa," Joanitha akanong'ona.

Adelgunda akanusa kibuyu, akamgeukia Rogasian. "Umetia maji."

"Shemeji, watu ni wengi, nikaona nii..."

"Umemletea maji. Tena Ambrose!"

"Hiyo ni mishipa inajivutavuta tu!"

"Basi mishipa hiyo inakujua," akasema Kashaija. Akajifuta mdomo kwa mkono kama aliyekula haramu, akachukua fimbo yake. "Iliyokataliwa na mwenye nyumba hatuinywi. Wala hatugawi cha mtu anayetutazama. Twendeni."

Waliondoka bila kuaga vizuri. Adelgunda akamwita Rogasian arudi mpaka kwenye mgomba ulio karibu na jiko, na akamwaga rubisi yote shinani yeye akitazama, mpaka tone la mwisho. Ndipo akamrudishia kibuyu chake.

Wengine wangelia. Adelgunda alirudi chumbani amefura, akasimama kando ya kitanda, mikono kiunoni.

"Kumbe umo. Nakulisha, nakugeuza, nakusemesha kutwa, hunipi hata jicho. Mpaka uletewe pombe mbaya?"

Macho yakatembea tena, polepole vilevile, yakamfikia yeye.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Joanitha, chukua panga. Kakate ndizi za kuvumbika. Huyu anataka pombe ya kweli."