Mstari Usioanzia Sifuri

Kuna siku moja naikumbuka kila nikikaa na kazi zenu za hesabu kama hivi, na nikiikumbuka napandwa na hasira upya. Umechora tena mstari kutoka sifuri, mwanangu. Tena! Mlinganyo unasema y ni sawa na 2x jumlisha 4, na hiyo nne umeipita kama hujaiona. Kwani imekukosea nini? Weka kalamu chini, unisikilize.

Nilikuwa kidato cha pili, niko likizo nyumbani kwetu Igawa. Wazazi wangu ni Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao, wakaishia kuupenda mpunga. Mama, tuliyemwita Mayu, alifundisha shule ya msingi na kulima kama wengine. Siku hiyo ilikuwa zamu yetu ya maji ya mfereji, na zamu ikikupita hujui itarudi lini. Miche tulikuwa tumeipandikiza jana yake, haijashika udongo. Mayu akaitwa msibani, akatuachia jaruba la mpunga mimi na kaka yangu Maganga, na onyo moja tu: maji yasifike juu ya tuta linalolizunguka. Yakifurika, tuta linakatika na miche inaondoka nayo. Hicho ndicho kilikuwa chakula chetu cha mwaka mzima, unaelewa?

Maganga alikuwa kidato cha tatu, na hesabu alijiona amezimaliza. Akafungulia maji, akachomeka kijiti, akapima: yanapanda vidole viwili kila saa. Kweli kabisa, hapo sina ugomvi naye. Kisha akachora grafu kwenye udongo wa njiani, mstari ukatoka kwenye kona ya sifuri, ukapanda viwili kwa kila saa. Tuta lilikuwa na kimo cha vidole kumi.

"Masaa matano," akasema. "Twende zetu barabarani kwenye magenge, tutarudi kuziba."

Nikamwambia, "Kaka, mbona mle mlikuwa na maji ya mvua ya usiku? Vidole vinne, nimeviona mwenyewe."

"We kadogo, nani yuko fomu tatu hapa?"

Basi. Tulirudi tukakuta tuta limekatika, miche yetu inaelea kwenye jaruba la jirani, na jirani mwenyewe kasimama mikono kiunoni. Mayu akafika na kitenge cha msibani bado begani. Aliitazama ile grafu, akavua kiatu, na kwa kidole gumba cha mguu akaweka nukta kwenye nne. Kutoka hapo akavuta mstari mwingine, nao ukaifikia kumi saa ya tatu.

"Mwendo umeupima vizuri," akamwambia Maganga. "Yalianzia wapi, hukuangalia. Ungechungulia tu! Kuchungulia kunachosha?"

Akaingia majini kuokota miche. Tuliyoiokoa ilikuwa michache mno. Mwaka ule wali tuliuona kwenye harusi za watu, na ng'ombe wawili wa Mayu mwenyewe waliuzwa ili tule mahindi. Niliumia sana kumwona akiwaswaga kwenda mnadani, na ninaumia hadi leo.

Sasa, mwanangu, fanya hivi, na usinifanye nirudie. Ukipewa mlinganyo, usikimbilie mteremko. Tafuta kwanza ile namba iliyokaa peke yake bila x. Hapo ndipo mstari unapokata mhimili wa y, weka nukta yako hapo. Ndipo mteremko upate kazi: hatua moja kulia, mbili juu, weka nukta nyingine, unganisha. Kwa rula, si kwa mkono, jamani! Mistari ya Maganga na Mayu ilikuwa na mteremko uleule, imelala sambamba kabisa. Tofauti yake ilikuwa pale mwanzo tu, na ndiyo iliyotutoa chozi.

Na usidhani nasema grafu peke yake. Utaingia kwenye kazi za watu, utaingia kwenye nyumba za watu. Kabla hujaanza kuwahesabia wanakokwenda, waulize walikuwa na nini ulipofika.

Mungu akufungue macho kabla ya kukufungulia njia. Akutangulie kwenye mtihani wa shule na kwenye ile mikubwa isiyo na msahihishaji. Amina. Haya, futa, uanze upya.