Walii Aliyekoroma

Binti yangu wa kwanza nilimwoza usingizini. Sisemi mafumbo. Walii nilikuwa mimi, baba mzazi, wa kumshika bwana harusi mkono na kutamka kwamba nimemwoza. Shehe alipoanza hotuba ya ndoa nilifumba macho ili nisikilize kwa unyenyekevu, nikaanza kukoroma papo hapo, mkono wa mkwe ukiwa kiganjani mwangu. Wakanitikisa. Wanasema nilitamka maneno yote sawasawa. Mimi sikumbuki hata moja.

Watu wa Dodoma mjini hawakunihurumia. Kila aliyeingia dukani kwangu alisalimia kwa kunong'ona, eti asimwamshe mzee. Nilijitetea kwamba ni uchovu wa biashara. Uchovu gani? Nilikuwa nauza sukari nikiwa nimekaa kitini. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya foleni na sukari ya mgao, soko likawa huria, magunia yakajaa hadi mlangoni, nami nikaamua kulipiza kisasi kikombeni. Usingizi ukinijia, chai. Chai ikiisha, kahawa na kashata. Kitambi kikatokeza, na mimi mjinga nikawa nakipapasa mbele ya wateja, maana siku hizo mfanyabiashara bila kitambi nani angemkopesha mali?

Kisha ikaja posa ya binti wa pili, ambaye ndiye wa mwisho. Mchumba alikuwa bwana mifugo wa Mpwapwa. Mdogo wangu akaja kunisalimia, akazungukazunguka, akafika alipotaka: "Kaka, hii ya sasa nikuwakilishe mimi." Alisema kwa adabu, na ndiyo maana iliniuma zaidi.

Mke wangu akanipeleka hospitali. Daktari aliniuliza ninavyolala, nikamjibu kwa majivuno kwamba mimi hulala fofofo. Mke wangu, ambaye mambo ya chumbani hajawahi kumwambia hata dada yake, aliinua uso.

"Daktari, huyu halali. Anakata pumzi, nikidhani ndiyo basi, anashtuka. Mimi nampiga teke arudi."

Miaka yote nilidhani yale mateke ni ya hasira, na nilikuwa nimeshamsamehe.

Nikapimwa damu. Kisukari sikuwa nacho bado, ila nilikuwa kizingitini. Daktari alinieleza kwamba kila pumzi inapokatika mwili hushtuka kama umekutana na fisi, ukamwaga sukari kwenye damu ili ukimbie. Basi mimi nilikuwa nakimbia fisi hadi alfajiri, nimelala chali. Ningecheka, lakini baba yangu alikatwa mguu kwa sukari kabla hajafa. Niliogopa sana.

Baada ya vipimo vya Dar es Salaam, shemeji yangu wa Maskati aliniletea mashine inayopuliza hewa puani ili koo lisizibe. Nilipojaribu kuvaa kile kifuniko, mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Umeme ukikatika, nilirudia mikoromo yangu. Lakini asubuhi nyingine niliamka kichwa chepesi, nikasikiliza taarifa ya habari mwanzo hadi mwisho, jambo geni kwangu. Hata sukari ikashuka kidogo. Nikaenda kujisifu kwa daktari huku kashata ipo mfukoni. Akaniambia mashine inasaidia pumzi, na sukari nayo hunufaika, ila haichuji chai. Nikaanza kutembea kwa miguu hadi Miyuji kila jioni na kunywa chai chungu dukani, nikizungukwa na magunia, wateja wakiuliza sukari hiyo ina nini.

Siku ya ndoa mdogo wangu alikaa ubavuni kwangu, kiwiko tayari. Nilifuatana na shehe ndani kumuuliza binti idhini yake. Akajibu, "Nimeridhia baba anioze, kama yuko macho." Wanawake wakaangua kicheko, nami nikacheka nao.

Hotuba niliisikia yote. Nikashika mkono wa bwana harusi, nikafungua kinywa, nikasema, "Nimekuoza binti yangu," na sauti ikakwama. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba neno hilo lina uzito huo. Ndoa ya kwanza nililala, sikuhisi kitu. Sasa nilijua kwamba kesho yake atakuwa Mpwapwa, na nyumba itabaki na wazee wawili na mashine. Machozi yakanitoka mbele ya watu wazima.

Mdogo wangu aliniinamia, akauliza kama amalizie yeye.

Nikamkatalia. Nikaanza upya, nikamwoza mwanangu neno kwa neno, na kila neno liliniuma.