Mzinga wa Ponsian

Tangu mkewe afariki, Severini alikuwa akisonga ugali wa watu wawili, kisha anakula wa mmoja. Alikuwa mrina asali wa Misunkumilo, na mwanawe pekee, Ponsian, alikuwa amesoma ng'ambo mpaka akafika ukomo wa kusoma na kuitwa daktari. Mwaka 1996 aliposikia kijana anarudi, Severini alitengeneza mzinga wa gome na kuuchonga alama mpya, si ile ya mizinga yake. Hakusema ni wa nani. Kwa warina wa pale, kijana akitundika mzinga wake wa kwanza haondoki mpaka arine asali yake.

Siku ya tatu baada ya kufika, Ponsian alisema amepata nafasi ya utafiti. Chuo kimoja cha huko huko kilimtaka kwa miaka mitatu, na alitakiwa kupiga simu kutoka posta Jumatatu kutoa jibu.

"Si umeshamaliza masomo?"

"Hii ni kazi ya waliomaliza, baba. Nachukua nyuki wa kwetu na wa kwingine, naingiza vinasaba vyao, yaani kile wanachorithishana, kwenye kompyuta. Halafu nahesabu kurudi nyuma mpaka pale walipoachana."

Jirani yao Masele, aliyekuwa amekuja kusalimia, akaangua kicheko. "Daktari gani huyu asiyechoma sindano! Nyie mwambieni aje ahesabu mbu wa kwangu."

Severini hakucheka. "Kesho twende msituni," alisema.

Ponsian aliubeba mzinga bila kuuliza. Chini ya mti aliiona ile alama, akaipapasa kwa kidole. Mila aliijua.

"Ukisema nipande, baba, nitapanda." Akaanza kujifunga kamba kiunoni.

Neno lilikuwa moja tu, na Severini alikuwa nalo mdomoni tangu kiangazi kianze. Alimtazama kijana akikaza fundo, lile lile alilomfundisha utotoni. Hakukosea hata kidogo. Mtu aliyekaa ugenini miaka yote ile bila kusahau fundo la kwao, ya nini kumfunga?

"Fungua. Nipe kamba."

"Baba, kwa umri huo?"

"Kwa nyuki, kundi likigawanyika, mama mzee ndiye anayehama. Mtoto anaachiwa nyumba. Sisi tumegeuza mambo. Basi wacha nipande mimi."

Alipanda akipumzika kila tawi. Kijana alisimama chini, mikono ameinyoosha kana kwamba angeweza kumdaka.

Jumatatu Ponsian alipiga simu. Siku ya treni, pale stesheni, alimsihi baba yake ahamie Tabora kwa shangazi Imakulata.

"Hapa utakaa na nani?"

"Nimetundika mzinga," Severini alijibu. "Siondoki mpaka nirine. Panda, treni isikuache."

Kesho yake alikwenda msituni, akaegemeza sikio kwenye shina. Juu hapakuvuma kitu. Nyuki hawaitwi, mtu hutundika, akangoja. Akatafuta mzizi wenye kivuli, akaketi.